Televisheni juu ya meko: ugomvi wa sentimita ukutani

Ingia sebule yoyote yenye meko ya ukutani uulize televisheni ikae wapi. Macho ya wote yatapanda juu ya meko. Ukuta ule uko katikati, viti vimeshaelekezwa huko, na ile nafasi tupu juu ya rafu ni kama iliachwa makusudi. Fundi anaitwa, breketi inafungwa, saa mbili baadaye watu wanatazama mpira.

Utata wa kazi hii hauonekani siku ile, kwa kuwa haumo ndani ya kifaa kimoja. Rafu inayotokeza juu ya meko huikinga televisheni na joto, na kadiri inavyotokeza ndivyo inavyokinga zaidi. Lakini rafu ya mbao inayotokeza sana lazima ipandishwe ili isiungue. Rafu ikipanda, televisheni nayo inapanda, na televisheni ikipanda shingo ya mtazamaji ndiyo inayoumia. Ukivuta huku, kunakatika kule. Hivyo swali la kwanza si televisheni ya inchi ngapi wala rafu ya mti gani. Swali ni sentimita ngapi ulizonazo kati ya mdomo wa meko na dari, na nani apewe ngapi.

Tuanze na mbao, maana ndiyo inayoweza kuteketeza nyumba.

Watu wengi hudhani hatari ya rafu ni cheche au mwali kuifikia. Hiyo ipo: mbao ikikutana na mwali hushika moto ikiwa imefikia kama nyuzijoto 250 hadi 300 za Selsiasi, na rafu iliyo mahali pake haifiki huko. Hatari ya pili ni ya kimyakimya. Mbao inayopashwa joto la chini ya hapo jioni baada ya jioni, kwa miaka, hukauka kupita kiasi, hugeuka kahawia, kisha sehemu yake huanza kuwa kitu cha jamii ya mkaa. Na kila aliyewahi kuwasha jiko anajua kwamba mkaa hauhitaji kubembelezwa kama gogo bichi. Rafu iliyokaa salama miaka minane inaweza kushika moto mwaka wa tisa kwa joto lilelile, kwa sababu si mbao ileile tena. Ndiyo maana watafiti wa mbao hushauri isikae muda mrefu kwenye joto linalozidi nyuzijoto 77 hivi, mbali sana na zile 250.

Kwa meko ya matofali inayotumia kuni, kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani zina kipimo kinachosaidia kuelewa mantiki yake, hata kama unapoishi kuna kanuni nyingine (na ikiwepo, hiyo ndiyo inayotawala). Ndani ya milimita 152 kuzunguka mdomo wa meko kusiwe na kitu chochote kinachoungua. Kuanzia hapo hadi milimita 305, kinachoungua kinaruhusiwa, ila kisitokeze zaidi ya sehemu moja ya nane ya umbali wake kutoka mdomoni. Kipande cha mbao kilicho sentimita 24 juu ya mdomo, basi, kitokeze sentimita 3 tu. Hata ukifika sentimita 30 hujapata hata sentimita 4 za kutokeza. Hilo ni pambo, si rafu. Rafu halisi, ya kina cha sentimita 15 au 20, mahali pake ni juu ya mpaka huo.

Hapo ndipo watu wengi huacha kusoma, wakidhani sentimita 31 zinatosha kwa rafu ya kina chochote. Kanuni imetoa kiwango cha chini kabisa. Moto wako haujaisoma.

Meko ya kiwandani ni kitu kingine. Hii ni sanduku la chuma lililotumbukizwa ndani ya ukuta wa nguzo za mbao na jipsam, liwe la gesi au la kuni, na kipimo cha matofali hakilihusu. Kila modeli ina kijitabu chake, na ndani ya kijitabu kuna mchoro unaofanana na ngazi: rafu ya kina hiki, ikae juu kiasi hiki; ya kina zaidi, ipande zaidi. Vipimo vya modeli mbili zinazofanana sura vinaweza kutofautiana sana. Kijitabu kikipotea, tafuta kibandiko chenye namba ya modeli, mara nyingi kiko chini ya sanduku au nyuma ya wavu wa mbele, kisha utafute kijitabu hicho kwa mtengenezaji. Kukisia hapa si ujasiri.

Ujanja mmoja unanikera kila ninapouona: mtu anabandika vipande vyembamba vya mawe juu ya ubao uliokuwa karibu mno na moto, halafu anasema sasa ni jiwe. Joto hupenya jiwe. Ubao ulioko nyuma unaendelea kuokwa, tofauti ni kwamba sasa huuoni ukibadilika rangi.

Rafu ya jiwe tupu au ya zege, hiyo ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo njia nzuri zaidi ya kulegeza fundo lote. Haiungui, kwa hiyo inaweza kukaa chini zaidi na kutokeza zaidi, na televisheni ikashuka nayo. Gharama yake ni uzito. Kipande cha urefu wa mita 1.5, kina cha sentimita 20 na unene wa sentimita 8 kinakaribia kilo 60 kabla hujaweka juu yake hata saa ya mezani. Hicho hakishikiliwi na gundi. Kinahitaji vishikizo vya chini vilivyojengewa ukutani, au nondo zilizozama ndani ya tofali zima. Kama fundi anapendekeza nondo za kugandishwa kwa epoksi, muulize epoksi hiyo inastahimili joto gani, kwa sababu epoksi nyingi za kawaida huanza kulegea kati ya nyuzijoto 50 na 80, joto ambalo uso wa ukuta juu ya meko unaweza kulifikia. Rafu ya chuma nayo haiungui, lakini hubeba joto na kulipeleka juu, kule hasa usikotaka liende.

Kwa rafu ya mbao, namna iliyozoeleka ni kufunga kwanza ubao mnene ukutani kwa bolti, ukaguliwe kwa pimamaji, kisha rafu iliyotobolewa kwa nyuma kama sanduku inavalishwa juu yake na kukazwa kwa skrubu chache kutoka juu. Uzito wote unabebwa na ule ubao wa ndani. Rafu inayoonekana nzito kama gogo la mvule mara nyingi ni tupu ndani, na hilo si udanganyifu bali ni busara.

Sasa televisheni yenyewe. Ukifungua kijitabu chake utakuta, karibu na mwisho, joto la mazingira linaloruhusiwa wakati inafanya kazi. Kwa televisheni nyingi kikomo ni nyuzijoto 40, nyingine 35. Hiyo ni hewa inayoizunguka, si sebule kwa ujumla. Watu husubiri kuona plastiki ikiyeyuka ndipo waamini, lakini joto haliui televisheni namna hiyo. Ndani yake kuna vikapasita (vijisehemu vya kuhifadhi chaji ya umeme) vyenye umajimaji, na kwa kanuni ya mafundi wa elektroniki kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya vikapasita hivyo kwa nusu. Kifaa cha kukaa miaka kumi kinakufa mwaka wa tano, nawe unalaumu chapa. Skrini za OLED ni dhaifu zaidi kwa joto, kwa kuwa kinachotoa mwanga ni kemikali ya kikaboni inayochoka upesi ikipashwa.

Joto hufikaje pale? Hewa ya moto hutoka mdomoni mwa meko ikipanda imeukumbatia ukuta. Rafu huikatiza kama ukingo wa paa unavyotupa maji ya mvua mbali na ukuta wa nyumba. Paa lisilo na ukingo hulowesha ukuta, na rafu nyembamba huacha hewa ipinde kidogo kisha irudi palepale. Ndiyo sababu upana nao una kazi: rafu ipite mdomo wa meko pande zote mbili, la sivyo joto huzunguka pembeni. Wengine huizamisha televisheni ndani ya ukuta kwenye kishubaka. Kinga inaongezeka kweli, mradi kishubaka kiwe na nafasi ya kupumua, kwani televisheni yenyewe nayo ni jiko dogo.

Aina ya meko hubadilisha kila kitu. Meko ya kuni iliyo wazi hupeleka joto lake jingi dohanini, lakini huleta masizi. Yenye kioo na feni hurusha hewa ya moto kutoka sehemu ya juu ya sanduku, yaani moja kwa moja chini ya rafu. Ya gesi isiyo na bomba la kutolea nje humwaga chumbani kila kinachotokana na uchomaji, pamoja na mvuke wa maji, na mvuke ni adui wa saketi. Nisingeweka televisheni juu yake. Ya umeme ndiyo pole kuliko zote, hasa kama hewa yake ya moto inatokea mbele au chini. Nyingi zina nguvu ya wati 1500, kwa hiyo zipewe laini yake ya umeme badala ya kugawana soketi na televisheni. Zipo pia za gesi zilizoundwa kuondoa joto kupitia mifereji iliyofichwa ukutani ili ukuta wa juu ubaki wa baridi. Hizo zinafaa sana, ila matundu ya mifereji hiyo yasizibwe na rafu, spika wala lipu.

Baada ya maelezo yote hayo, kuna kitu kimoja tu kinachomaliza ubishi: kipimajoto. Kabla ya kununua breketi, kabla ya kumwita fundi umeme, fanya jaribio hili. Kama rafu haijawekwa, shikiza kwa muda kipande cha jipsam chenye kina na kimo cha rafu unayoitaka. (Usitumie boksi la karatasi. Tunajaribu kuzuia moto, si kuuanzisha.) Bandika kipimajoto kimoja ukutani pale ukingo wa chini wa televisheni utakapokuwa, kingine katikati yake, na cha tatu chini ya rafu. Washa moto kama unavyouwasha siku ya baridi kali, si moto wa heshima. Andika namba kila nusu saa, kwa saa tatu au zaidi.

Usizitazame namba peke yake, tazama zinavyokwenda. Kama saa ya tatu bado zinapanda, endelea. Tofali ni kama mtungi, hujaa polepole, na likishajaa huendelea kutoa joto hata moto ukiwa majivu. Wakati mwingine kilele huja baada ya watu kuacha kuongeza kuni. Ukipata nyuzijoto 30 na ushei pale kwenye katikati ya televisheni, uko vizuri. Ukipata 38, kumbuka kwamba televisheni nayo itaongeza joto lake nyuma. Ukifika 40 (au kikomo cha kijitabu chako, kikiwa chini ya hapo), mahali hapo hapafai kwa vipimo hivyo, na ni afadhali kujua leo ukiwa na kipande cha jipsam kuliko mwakani ukiwa na skrini. Bastola ya kupimia joto kwa mionzi ni nzuri kwa tofali na lipu, lakini ikielekezwa kwenye chuma kinachong'aa hutoa namba za chini kuliko ukweli.

Ukiwa hapo umeinama, tazama pia upande wa chini wa rafu ya zamani na ukuta ulio juu ya mdomo. Pakiwa na weusi uliopanda kama ulimi, dohani haivuti vizuri na moshi unarudi chumbani. Dalili ya mvua ni mawingu. Masizi yale ni kaboni, hupitisha umeme, na yakiingia kwenye matundu ya televisheni hayatoki. Zaidi ya hapo, moshi unaorudi huja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Dohani isafishwe na itengenezwe kwanza, na king'ora cha gesi hiyo kiwepo, ndipo mazungumzo ya televisheni yaendelee.

Twende kwenye shingo. Wanaopanga sinema za nyumbani hukubaliana kwamba macho yasilazimike kupanda zaidi ya digrii 15 kufikia katikati ya skrini. Tuchukue mfano. Mdomo wa meko unaishia sentimita 85 kutoka sakafuni. Rafu inaanza sentimita 31 juu yake, yaani 116, na ina unene wa 10, basi inaishia 126. Acha nafasi ya 10, televisheni inaanza 136. Skrini ya inchi 55 ina kimo cha kama sentimita 68, hivyo katikati yake ni 170. Macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi yako kama sentimita 107. Tofauti ni 63, na kwa kochi lililo mita 3 mbali, pembe ni digrii 12. Inavumilika. Lakini kijitabu cha meko kikisema rafu iwe 50 juu ya mdomo badala ya 31, katikati inapanda hadi 189 na pembe inapita 15 kidogo. Sogeza kochi hadi mita 2.2 na hata mpangilio ule wa kwanza unafika digrii 16. Kununua skrini kubwa hakusaidii kama watu wanavyodhani: ukingo wa chini haushuki, kwa hiyo katikati inazidi kupanda.

Kuinamisha televisheni mbele hurekebisha rangi na mng'ao, shingo inabaki palepale. Kinachosaidia shingo ni kusogeza kochi nyuma, kiti kinacholala kidogo, au breketi ya mkono inayoishusha televisheni wakati wa kutazama na kuirudisha juu baadaye. Hii ya mwisho ina masharti mawili. La kwanza ni dhahiri lakini husahaulika: haishushwi moto ukiwaka, wala muda mfupi baada ya kuzimwa, kwani inakuja kuning'inia mbele ya rafu, kwenye mkondo wenyewe wa joto.

Sharti la pili ni la ukuta. Televisheni ya kilo 20 iliyobanwa ukutani inabonyeza chini kwa kilo 20. Ivute mbele kwa mkono wa sentimita 50, na bolti za juu na za chini za breketi zikiwa zimeachana sentimita 20, basi bolti za juu zinang'olewa kwa nguvu ya kilo 50, bila kuhesabu uzito wa mkono wenyewe wala mtoto atakayeushika. Jipsam peke yake haiwezi. Bolti ziingie kwenye nguzo za ndani, na juu ya meko ya kiwandani nguzo hizo mara nyingi haziko kwenye nafasi za kawaida, kwa hiyo zitafutwe kwa kifaa, sio kwa kugonga na kusikiliza. Bila mchoro, usitoboe popote penye uwezekano wa kuwa na bomba la moshi.

Kwenye matofali, tumia drili ya nyundo na bolti zinazojitanua ndani ya tundu, ukilenga tofali zima lisilo na ufa badala ya saruji iliyochakaa kati ya matofali. Kina cha tundu kiwekewe alama ya tepu kwenye ncha ya drili. Nyuma ya tofali la mbele kuna dohani, na tundu linalofika humo ni mlango wa moshi na gesi kuingia ukutani. Tofali likitoa unga laini mfululizo kana kwamba unatoboa mkate mkavu, acha. Hilo halitabeba kitu.

Nyaya zina mtego wake. Waya wa umeme uliokuja na televisheni haukutengenezwa kufichwa ndani ya ukuta. Kinachotakiwa ni soketi iliyozamishwa nyuma ya televisheni, ikiletewa umeme na fundi mwenye sifa kwa waya wa ukutani. Nyaya za picha na sauti ziwe za aina iliyoidhinishwa kupita ukutani, ndani ya paipu pana, kama milimita 50, ili plagi ya HDMI ipite siku utakapotaka kubadilisha. Paipu hiyo izunguke pembeni, isipite kwenye uwazi unaoachwa kati ya dohani na mbao za nyumba. Uwazi ule, ambao kanuni za Marekani zinataka usipungue sentimita 5 kwa dohani iliyo ndani ya nyumba, ni kinga, na plastiki ya kawaida ya nyaya imepimwa kwa nyuzijoto 70 tu. Ukizunguka hivyo, njia hurefuka. HDMI ya shaba kwa picha za kisasa huanza kusumbua ikipita mita 5, na hapo huingia ile yenye nyuzi za mwanga ndani. Hiyo ina mwelekeo: upande mmoja ni wa chanzo, mwingine wa skrini. Ijaribiwe ikiwa sakafuni kabla ya kuzikwa ukutani. Ukiifunga kinyume utajua wakati lipu imekauka.

Spika na mitambo mingine havistahili kupanda vyote huko. Saundiba chini ya televisheni ndiyo inayokaa mahali pa moto kuliko zote, kati ya rafu na skrini, kwa hiyo nayo iwekewe kipimajoto. Amplifaya na visanduku vingine vikae kwenye kabati la pembeni lenye hewa, vikiunganishwa kwa paipu ileile.

Jaribio likikataa, zipo njia: kuongeza kina cha rafu pale kanuni zinaporuhusu, kuhamia kwenye jiwe, au kuweka televisheni kando ya meko kwa urefu wa macho, jambo ambalo wengi hulikataa kwa sababu ya sura na kulipenda baada ya wiki moja. Likikubali, mpangilio wa kazi ni umeme na paipu kwanza, lipu, rafu, jaribio la pili la moto na rafu halisi, na televisheni mwisho kabisa. Kisha mwezi wa kwanza wa baridi ukipita, piga magoti na tochi uangalie chini ya rafu. Rangi ya mbao pale iwe sawa na ya juu. Ikiwa imeanza kuelekea kahawia, au utomvu unatoka kwenye vifundo vyake, zima meko na umwite seremala aipandishe rafu juu zaidi.